Msomaji Mwenye Mtoto Mgongoni: Orodha za Tuzo na Upofu wa Uhakiki Wetu

1.0 Utangulizi

Yapo malalamiko ambayo yamerudiwa katika makongamano ya Kiswahili kiasi kwamba siku hizi hayadaiwi ushahidi tena. Husemwa kwamba Wakenya hawasomi. Kwamba wachache wanaosoma husoma kwa ajili ya mtihani. Na kwamba kitabu kikipata tuzo hushangiliwa kwa wiki moja kisha husahauliwa. Makala haya yanakusudia kuyapinga malalamiko hayo. Hatusemi kwamba hayana chembe ya ukweli. Tunachosema ni kwamba yanaelekeza lawama pasipostahili.

Hoja yetu ni hii: uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, pamoja na orodha za tuzo unazozitukuza, umejengwa juu ya msomaji asiyekuwepo. Msomaji huyo wa kubuni ni mtu mzima aliye peke yake, mwenye saa za utulivu, mwenye duka la vitabu karibu na nyumbani, na asiye na mtoto. Msomaji aliyepo, hasa katika kaunti kama Kisii na Nyamira, ni msomaji anayekatizwa. Na miongoni mwa wanaokatizwa hakuna anayekatizwa zaidi ya mlezi wa watoto wadogo. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hii tumeifundisha miaka na miaka katika somo la fasihi simulizi bila kujiuliza ina maana gani kwa nadharia ya usomaji.

2.0 Orodha ya Tuzo na Mahali Inaposomewa

Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ilianza kutolewa mwaka 1974, Meja Mwangi alipotuzwa kwa riwaya yake Kill Me Quick. Baadaye tuzo hiyo ilifungua mlango kwa kazi za Kiswahili, na ni humo ambamo jina la marehemu Ken Walibora lilizidi kung'ara. Mwaka 2014 ikaanzishwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Safal-Cornell. Miongoni mwa kazi zilizoshinda tuzo hii ya pili ni riwaya Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali na diwani Mwanangu Rudi Nyumbani ya Dotto Rangimoto (2017), pamoja na riwaya Mungu Hakopeshwa ya Zainab Alwi Baharoon na diwani Moto wa Kifuu ya Jacob Ngumbau Julius (2018). Kwa yeyote anayetaka kujua Kiswahili cha leo kinaandikaje, orodha ya namna hii ni ya lazima. Hatuna ugomvi na waandishi hao, wala na majaji waliowatuza.

Ugomvi wetu unaanza pale orodha inapoondoka mezani kwa majaji. Katika maduka ya vitabu ya miji yetu ya kaunti, rafu za Kiswahili zimejaa vitabu teule vya KCSE, kama vile tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, na riwaya ya Clara Momanyi, Nguu za Jadi. Hivi ni vitabu vyema, lakini vimefika rafuni kwa amri ya silabasi. Kitabu kilichotuzwa bila kuteuliwa kwa mtihani huagizwa kutoka Nairobi au Dar es Salaam, hulipiwa nauli ya basi la mizigo, na bei yake huwa na kodi ndani, kwa kuwa Sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16. Mwenye watoto wadogo hukilinganisha kitabu hicho na maziwa, dawa na karo ya chekechea. Kisha anaambiwa kwamba hasomi kwa sababu hana utamaduni wa kusoma!

Ndivyo mambo yalivyo kuhusu kukipata kitabu. Kukisoma ni jambo jingine, na ndilo linalotuhusu zaidi.

3.0 Mama wa Kigusii katika Maandishi ya Wataalamu

Ni ajabu kwamba upofu tunaoulalamikia unaonekana wazi kabisa mahali ambapo ulezi umechunguzwa kuliko karibu mahali popote pengine barani Afrika. Katikati ya miaka ya 1950 Robert LeVine na Barbara LeVine walifanya utafiti miongoni mwa Abagusii, wakiwa sehemu ya mradi mkubwa uliolinganisha ulezi katika tamaduni sita. Kitabu chao kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo kilitoka mwaka 1966. Mwaka 1979 Sarah LeVine alichapisha kitabu kizima juu ya maisha ya wanawake wa Kigusii, na mwaka 1994 yeye, Robert LeVine na wenzao wakatoa Child Care and Culture, kilichotokana na utafiti wa miaka ya 1970. Katika kitabu hiki mama wa Kigusii amepimwa kwa saa na dakika: mara ngapi anambeba mtoto, anachukua muda gani kumnyamazisha akilia, anamsemesha mara chache kiasi gani akilinganishwa na mama wa Boston. Wataalamu hao walimsajili pia omoreri, yaani mtoto mkubwa anayepewa kazi ya kumlea mdogo wake mama anapokuwa shambani.

Thamani ya utafiti huo haibishaniwi. Hata hivyo, katika maelfu ya dakika zilizohesabiwa, mama huyo ni mbebaji, mnyonyeshaji, mlimaji na mke. Si msomaji. Mtu anaweza kujibu kwamba katika miaka hiyo wengi wao hawakuwa wamesoma sana, na jibu hilo ni la haki. Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 2012 Robert LeVine na wenzake walichapisha utafiti mwingine kuhusu kusoma na kuandika kwa akina mama, safari hii katika nchi za Mexico, Nepal, Venezuela na Zambia. Humo mama anasoma hatimaye, ila kusoma kwake kunapimwa kwa faida inayomfikia mtoto: anaielewa lugha ya zahanati, anamsemesha mtoto kwa namna ya mwalimu. Wachumi wa maendeleo na wizara zetu huzungumza vivyo hivyo. Mama asome ili mtoto asiugue. Mama asome ili mtoto apasi. Hakuna anayesema mama asome riwaya kwa kuwa riwaya ni yake.

Sisi wa idara za fasihi tulistahili kuwa wa kwanza kulisema jambo hilo. Badala yake tumetafsiri nadharia za upokezi, tukaifundisha istilahi ya Jauss ya upeo wa matarajio na ile ya Iser ya msomaji aliyefumbatwa katika matini, na tukaviweka vyote katika vitabu vya nadharia bila kuuliza msomaji huyo amefumbata nini mikononi. Katika vilima vya Nyamira, mara nyingi amefumbata mtoto.

Isitoshe, mazingira yaliyochunguzwa na akina LeVine yamebadilika kwa namna inayoufanya upofu wetu kuwa mzito zaidi. Utafiti wa uzazi wa mwaka 1977/78 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8 hivi. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa 3.4. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bila malipo. Haya ni maendeleo, na hakuna mwenye akili timamu atakayeyalilia. Lakini matokeo yake ni kwamba omoreri yuko darasani, kama inavyompasa, na mama mwenye watoto wawili leo ana mikono michache ya kumsaidia kuliko nyanya yake aliyekuwa na wanane. Asiye na uwezo wa kuajiri yaya hubaki peke yake na mtoto. Hivyo kizazi cha wanawake waliosoma hadi chuo kikuu ndicho hicho hicho kilichopoteza msaada ambao ungewapa nafasi ya kuendelea kusoma.

4.0 Usomaji wa Kukatizwa

Kwa muda wa miezi kumi na miwili mwandishi wa makala haya alijipa jukumu la kusoma kazi nne zilizotajwa hapo juu, akiishi Nyamira, akisafiri kwa matatu hadi Kisii kwa ajili ya masomo, na akilea watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine anayenyonya. Hapana ushujaa wowote katika jambo hili. Maelfu ya wenzetu hufanya makubwa zaidi. Tunalitaja kwa kuwa ni aina ya ushahidi ambao majarida yetu hayana mazoea ya kuupokea, na kwa kuwa matokeo yake hayakuwa yale ambayo nadharia ingetabiri.

Jambo la kwanza lililobainika ni kwamba tanzu hazikatizwi kwa namna moja. Diwani zilistahimili. Ubeti wa Kiswahili wenye vina na mizani ni kitu kilichofungwa. Mtu huusoma sufuria ikiwa jikoni, akaufunga kitabu, akaendelea kuutafuna moyoni huku akisonga obokima. Mtoto anapolia, ubeti hauvunjiki, kwa kuwa umekwisha kuingia kichwani. Shairi lililosomwa kwa siku nne, ubeti kwa ubeti, lilikaa kumbukumbuni kuliko shairi lililosomwa kwa dakika nne maktabani. Wala hili si ajabu. Ubeti ulistawi katika hadhira iliyosikiliza huku ikitenda mambo mengine. Mhakiki aliyekaa kimya ni mgeni wake wa juzi.

Riwaya zilikuwa shida. Kwa wastani zilisomwa kurasa sita kwa kikao, na kila kikao kilianza kwa kurudi nyuma kurasa mbili ili kulipata tena jina la mhusika au sababu ya ugomvi. Hasara hapa ni ya kweli na haifai kufichwa: kejeli iliyopandwa katika sura ya pili ikavunwa katika sura ya kumi na tano humpita msomaji wa namna hii. Lakini ipo faida ambayo msomaji wa haraka haijui. Anayerudi nyuma kila siku huzisoma kurasa za mpito mara mbili, mara tatu. Huyajua malango ya sura kama anavyolijua lango la boma lake. Huona upesi mahali ambapo mwandishi amejaza maneno ili kurefusha, kwa maana kurasa zisizo na uzito haziwezi kukumbukwa baada ya usiku wa mtoto mwenye homa. Huu ni mzani mkali wa uhakiki. Haba na haba hujaza kibaba, na asomaye kwa haba hujua punje iliyo pumba.

Jambo la pili ni la kinadharia. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), wahakiki wetu wameshindana kusifu usimulizi uliovunjika, wakati usiosonga mbele na mhusika asiye na kitovu. K. W. Wamitila alipoleta Bina-Adamu! (2002), sifa hizo zilirudiwa. Sisi pia tunazisifu kazi hizo. Ila tunauliza: kwa nini mvunjiko ukiwa katika matini huitwa ufundi, na ukiwa katika maisha ya msomaji huitwa uzembe? Nagona ni kitabu chembamba, na bado hakuna anayedai kukimaliza kwa kikao kimoja na kukielewa. Kwa hiyo si kweli kwamba fasihi nzito inadai saa ndefu zisizokatika. Inadai kurudiwa, na kurudia ndiyo njia pekee anayoijua mlezi.

Jambo la tatu linahusu historia, na hapa tunalaumu kusahau kwetu. Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi kwa ajili ya binti yake akiwa mgonjwa. Utendi huo, ambao hakuna anayehitimu Kiswahili bila kuusikia, ni kazi ya mlezi, umeelekezwa kwa mwana, na umetungwa katika umbo linaloweza kukaririwa na mtu mwenye kazi mikononi. Tunaweza kubishana na maudhui yake kuhusu utii wa mke, na wahakiki wa kike wamebishana nayo kwa haki. Umbo lake linatuambia, hata hivyo, kwamba fasihi na ulezi vimewahi kukaa chumba kimoja. Vilevile tunafundisha bembelezi kama utanzu wa fasihi simulizi. Tunawadai wanafunzi wa sekondari wazitaje sifa zake na dhima zake. Anayeziimba, mara tu anapofungua kitabu, tunamwondoa katika hesabu ya wasomaji. Tumeuweka wimbo wake katika mtihani na yeye tukamwacha mlangoni.

Hata katika tuzo zenyewe ushahidi upo. Marjorie Oludhe Macgoye, aliyelea watoto wanne, alishinda Tuzo ya Sinclair kwa Coming to Birth mwaka 1986. Margaret Ogola, mama na daktari wa watoto, alitwaa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1995 kwa The River and the Source. Tunakubali basi kwamba mwenye watoto anaweza kuandika kitabu cha kutuzwa. Vipi tusikubali kwamba anaweza kukisoma?

5.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya viwango. Husemwa kwamba tukianza kumhesabu msomaji anayekatizwa, tutaishia kuwataka waandishi waandike vitabu vyepesi na vifupi. Pingamizi hii inachanganya ufupi na wepesi, na mfano wa Nagona umekwisha kuijibu. Hatumtaki mwandishi apunguze chochote. Tunamtaka mhakiki aseme ukweli kuhusu namna kitabu kinavyosomwa, kwa kuwa kauli ya mhakiki kwamba riwaya fulani 'inamvuta msomaji bila kumwachia' ni dai juu ya watu halisi, na dai lisilopimwa si uhakiki.

Pingamizi ya pili ni ya kusubiri. Wapo wanaowashauri wanafunzi wa uzamili wenye watoto wachanga waahirishe masomo 'mpaka watoto wakue'. Ushauri huu hutolewa kwa upole, mara nyingi na wanaume ambao watoto wao walilelewa na wengine wakati wao wakiandika tasnifu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayelea wa kwanza akiwa na miaka 26 na wa pili akiwa na 30 atakuwa karibu na miaka 36 wote wawili watakapokuwa shuleni. Na kwa wakati huo nafasi za ufadhili nyingi zenye masharti ya umri zitakuwa zimempita. Kusubiri si ushauri usio na gharama. Ni namna ya kuchagua ni nani atakayeandika uhakiki wa Kiswahili, na uchaguzi huo unafanyika bila kura. Tuongeze kwamba ulezi si sifa ya kike. Baba anayelea hukatizwa vilevile, na idara ikimwona mama tu mwenye mtoto mgongoni ndiyo yenye tatizo, imekwisha kuamua kwamba baba hana mgongo.

6.0 Hitimisho

Kutokana na hoja hizi tunadai mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, wanaosimamia tuzo wahesabu usambazaji kuwa sehemu ya tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianza na fungu la dola 15,000 kwa washindi. Sehemu ndogo ya fedha za namna hiyo ingetosha kuweka nakala za kazi zilizotuzwa katika maktaba za umma za kaunti, ikiwemo ile ya Kisii. Kitabu kisichoweza kuazimwa Kisii hakijatuzwa mbele ya wasomaji wa Kisii.

Pili, vyuo vikuu vilivyo karibu na wasomaji hawa, na Chuo Kikuu cha Kisii kikiwa cha kwanza, vifungue vikao vya usomaji ambavyo mtoto haruhusiwi tu bali anatarajiwa. Kisii ina mazoea ya ushairi unaosomwa kwa sauti mbele ya hadhira. Tamasha la Kistrech, lililoasisiwa na mshairi Christopher Okemwa, limewaleta huko washairi wa nchi nyingi. Kinachosomwa kwa sauti humfikia pia mwenye mikono iliyojaa. Tuanze hapo.

Tatu, majarida yetu, likiwemo hili, yapokee kumbukumbu za usomaji kama data: nani alisoma, wapi, kwa vikao vingapi, alipoacha na aliporudi. Tunapokea kumbukumbu za namna hiyo kuhusu watambaji wa ngano. Hakuna sababu ya kuzikataa kuhusu wasomaji wa riwaya.

Nne, tuache kusema kwamba Wakenya hawasomi mpaka tuwe tumewatafuta mahali wanaposomea. Wako katika matatu kati ya Keroka na Kisii, wako kando ya jiko, wako ukingoni mwa kitanda ambacho mtoto ndiyo kwanza amesinzia. Wanasoma kurasa sita. Uhakiki usioweza kusema lolote la maana kuhusu kurasa hizo sita hauna haki ya kuwafundisha kitu kuhusu mia tatu zilizobaki.